Chaki Mlangoni, Maharagwe Mfukoni

Mlinialika nije kuongea nanyi, ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuuliza watu watampigia nani kura, nami nikajibu kwamba nina mafua. Sina mafua. Nina haya. Ninayo tangu shuleni, na ajabu ni kwamba nimekula maisha yangu yote kwa kugonga milango ya watu nisiowajua. Mbele ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti chake, naweza. Mbele ya watu waliopangwa mistari kwenye viti vya plastiki, ulimi unakauka. Basi someni, na mkitaka kucheka, chekeni. Sitakuwepo kuona.

Yule kijana wenu aliyeniletea mwaliko aliniuliza pale langoni: "Mama Rejina, sondaji inasemaka kweli ao inadanganyaka?" Sondaji ndiyo hiyo kazi yetu ya kukusanya maoni ya watu kabla ya uchaguzi. Nilimpa maji ya kunywa, sikumpa jibu. Jibu ni refu, linapita kwenye lango moja la mtaa wetu wa Kenya na depo moja, yaani ghala, ya maharagwe.

Niliingia kazini wakati ambapo hakukuwa na kazi. Kampuni ya migodi iliyokuwa ikiulisha mji ilikuwa imelala chali. Wababa waliovaa kofia za chuma sasa walikuwa wanauza makala, yaani mkaa, mbele ya nyumba zao. Vita ilikuwa imeisha kwenye karatasi, lakini bei sokoni zilikuwa hazijapata habari hiyo. Ndipo ikaja kampeni ya uchaguzi wa rais, na Shefu Lwamba, bosi wetu wa baadaye, mwalimu aliyechoka kusubiri mshahara, akafungua biro, ofisi ya sondaji. Alikuwa anatafuta vijana waliomaliza sekondari. Alinisikiliza nikijibu maswali yake kwa sauti ya panya, akawaambia waliokuwepo: "Huyu hawezi kutisha bantu." Nikapata kazi.

Mwenzangu Fiston alichukuliwa kwa sababu iliyo kinyume. Yeye angeweza kumuuzia nyoka viatu.

Wagombea wakubwa walikuwa wawili. Majina yao siyaandiki, maana wapo watu ambao hadi leo wakisikia jina moja wanaacha kula. Nitawaita Mwekundu na Mweupe, na rangi hizo zilikotoka mtaona. Mwekundu alihesabiwa kuwa mtoto wa nyumbani. Mweupe alihesabiwa kuwa wa kule. Kule ni wapi, ilitegemea anayesema.

Maswali yalikuja kwa Kifaransa, Shefu akayageuza kwa Kiswahili. Swali kubwa lilikuwa: kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani? Kwenye karatasi ni swali zuri. Nikalipeleka mtaa wa Hewa Bora, kwa mzee mmoja aliyekuwa anakarabati baiskeli uani. Aliposikia "leo" akatupa spana.

"Leo? Na balituambia siku ya Mungu! Mama Jeanne, leta koti!"

Nilimkimbilia hadi nje, koti liko begani, kadi ya kura iko mkononi, nikimweleza kwamba ni mfano tu. Alikasirika kweli.

"Sasa kama haiko leo, unaniuliza ya leo juu ya nini?"

Tangu siku ile nilikuwa nasema, "Siku ile ikifika, unawaza kumpa nani?" Mnielewe: mtu wa kwetu hajibu swali la hewani. Mpe siku, mpe mahali, mpe njia anayoijua ya kwenda kupiga kura.

Mtaa wa Bel-Air ulikuwa shida nyingine. Kule mageti ni marefu, na anayejibu ni mlinzi. Mlinzi mmoja alinisikiliza kwa heshima zote, mikono nyuma, kisha akasema: "Patron iko na maoni, lakini iko Kolwezi." Nikamwomba yake yeye. Akatazama juu ya ukuta. "Yangu banaichungaka pamoja na geti."

Jambo jingine ni kiti. Kwa miaka ile, mtu aliyesimama langoni na karatasi alikuwa wa kodi, wa kukata maji, ao wa mwenye nyumba. Aliyesimama, watu wanamjibu ili aondoke. Ukiambiwa "Ikala kwanza", yaani kaa, ikala, hata kama kiti kina miguu mitatu. Kunywa maji ao munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliopewa. Uliza kwanza habari za maji na umeme. Hapo kila mtu ana hasira, na hasira inafungua mdomo. Halafu, weka kalamu chini mtu anapofikiri. Kalamu iliyo tayari inamharakisha. Mimi sikufundishwa hilo. Haya yangu ilikuwa inaniangushia kalamu, nikaona watu wanasema zaidi wakati ninaitafuta.

Lakini kabla ya yote kuna swali ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yetu, kwa sababu ni wao wanaokuuliza wewe: "Nani anakutuma?" Kila lupango, yaani kila ua wa nyumba, kila siku. Fiston alikuwa akijibu kwa sauti kubwa, "Sayansi!" Mama mmoja aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akamuuliza bila kuacha mtwangio: "Sayansi njo chama ya nani?"

Sasa Kenya. Mnaijua komini ya Kenya: soko, karakana, makanisa yanayopokezana kelele. Kituo chetu kilikuwa depo ya Mama Kavira, mama kutoka Butembo huko Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa anauza maharagwe kwa jumla. Alitupa kivuli na benchi. Kwenye benchi hilo alikuwepo siku zote Papa Donat, fundi wa reli aliyestaafu bila reli, ambaye hakuamini sondaji, hakuamini radio, na nafikiri hakuamini benchi.

"Weye unauliza bantu kidogo-kidogo," aliniambia, "alafu unasema mji yote inawaza vile. Miye hamukuniuliza. Bibi yangu hamukumuuliza. Njo sondaji gani?"

Mama Kavira akajibu kwa niaba yangu. Alichukua kile chuma chenye mfereji anachochomea magunia, akakisukuma hadi katikati ya gunia, akakitoa kimejaa maharagwe.

"Papa Donat, miye nafunguaka gunia yote nione kama iko na mawe? Nachoma tu. Lakini nachoma pembeni, nachoma katikati, nachoma chini. Mwenye anaangalia juu tu, njo bananunulisha mawe."

"Na maharagi inajua kudanganya?" akauliza Papa Donat.

Mama Kavira akarudisha maharagwe guniani. Na mimi, vijana, nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote ya kazi.

Siku hiyo Mama Kavira alinivuta kando, nyuma ya mizani. "Rejina, mutoto yangu, nataka uniambie kweli. Sina haja ya kujua nani muzuri. Kama mumoja anashinda na mingi sana huku Kenya, hakuna kelele, nafungua depo kama kawaida. Kama ni karibu-karibu, wenye kukosa watakuwa bengi, na watatafuta mulango ya kuvunja. Miye niko mugeni huku. Mulango yangu njo ya kwanza." Lori la kaka yake lilikuwa linaondoka Jumamosi kwenda Likasi, ambako dada yake alikuwa ameolewa. Watoto wa Mama Kavira wangeweza kwenda nalo. Ao wangebaki.

Shefu, kwa upande wake, alikuwa ameahidi radio kwamba Ijumaa atakwenda kutangaza matokeo ya sondaji yetu.

Basi tukaingia kazini. Shefu alikuwa ametufundisha jambo alilolipata kwenye mafunzo: ukimaliza nyumba, chora langoni kwa chaki duara dogo lenye mstari katikati, ili mwenzako asiingie tena. Fiston alikuwa anachora vizuri, duara kama sahani.

Avenyu ya kwanza ilitupa majibu ya kila aina. Mwekundu, Mweupe, sijue, na mmoja aliyesema atampa yule atakayerudisha treni. Kisha tukaendelea, na majibu yakaanza kufanana. Mwekundu. Mwekundu. Mwekundu. Yalikuja haraka, kabla sijakaa.

"Mwekundu. Andika. Unaandika?"

"Ndiyo, papa."

"Onyesha."

Nikamwonyesha. Akaona jina, akashusha pumzi, akafunga lango.

Shefu alifurahi: watu wanajua wanachotaka. Fiston alifurahi kuliko yeye, kazi ilikuwa inakwenda mbio. Mimi nilikuwa nasumbuliwa na kalenda. Ndani ya nyumba moja niliona kalenda ya kampeni iliyogeuzwa uso ukutani, na kwenye pembe iliyojikunja ilionekana shati la Mweupe. Nyumba ya pili, kalenda imegeuzwa. Mtu anayegeuza kalenda amepoteza tarehe zake. Kwa nini apoteze tarehe?

Asubuhi iliyofuata nilipita avenyu ile peke yangu, kwa udadisi tu. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya lango lake, anasugua kwa majivu na jani la mpapai. Duara la Fiston lilikuwa limebaki nusu.

"Jambo, mama. Unaosha nini?"

Alinitambua. Hakusimama. "Naosha ile muliandika."

"Ni alama tu, mama, ya kujua tulishapita."

"Hata bale ba zamani balisema ni alama tu." Akasugua. "Ile myaka ya kufukuzana, balipofukuza bantu ba kule, mulango yetu iliandikwa na chaki. Kisha tulipanda treni. Tuliporudi hatukukuta hata bati. Sasa weye unakuya na sauti ya upole, unauliza napenda nani, alafu mwenzako anaandika mulango. Unataka nikujibu nini?"

Niliikala chini pale pale kwenye vumbi. Nikamsaidia kusugua.

Mkidhani huo ndio mwisho wa chaki, mnakosea. Mchana Fiston alirudi kutoka Hewa Bora, macho yamemtoka. Kule alama zilikuwa zimezaana! Uvumi ulikuwa umepita kwamba nyumba yenye duara itapewa unga wa kampeni, na kwa kuwa lori la Mweupe ndilo lililopita siku iliyotangulia, avenyu nzima ikaanza kumsifu Mweupe. Baba mmoja alikuwa amejichorea maduara matatu.

"Nikamuuliza, papa, ya tatu juu ya nini?" alisema Fiston. "Ananiambia: niko na babibi babili, na mama yangu. Unga moja itatosha?"

Tulicheka hadi Papa Donat akashika mbavu. Halafu Mama Kavira akauliza kwa utulivu: "Kwa hiyo hamujue kitu."

Hatukujua kitu. Chaki ileile, huku watu wanaisugua kwa majivu, kule wanaichora wenyewe, na kote imetujibu yenyewe badala ya watu. Na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Ilikuwa lazima mtu amwambie Shefu. Fiston, msemaji wetu, alitazama viatu. Nikaenda mimi. Nilisimama mbele ya meza yake. Nikamshika mkono wa shati, jambo ambalo mtoto wa kwetu hamfanyii mkubwa, nikamvuta, tukaenda kwa miguu hadi lango la yule mama. Lilikuwa limeoshwa, safi kuliko malango yote ya avenyu, na usafi ule ulikuwa unaonekana kutoka mbali. Mama alimwambia alichoniambia.

Shefu alivua miwani. "Hata kwetu baliandika," alisema. Kisha akaongeza, "Na miye njo niliwapa chaki."

Turudi depo. Shefu akakaa kwenye benchi karibu na Papa Donat, akaweka kichwa mikononi. Ni Mama Kavira aliyeinuka, kwa sababu Jumamosi ilikuwa yake. Alitia mkono kwenye magunia matatu, akaleta maharagwe mekundu, meupe, na yenye madoadoa.

"Mutu anaogopa kusema," alisema. "Kutia maharagi mu mufuko, anaogopa?"

Hivi ndivyo tulivyofanya, kwenye avenyu ile inayozunguka depo. Hakuna chaki. Fiston alikaa nyumbani kwa heshima, maana watu walikuwa wanamjua kama mchoraji. Nilikuwa naingia, naikala, na wakiniuliza nani anakutuma, najibu kweli: "Shefu Lwamba, mwalimu. Na Mama Kavira wa maharagi anataka kujua kama achunge batoto yake." Hilo walilielewa. Nilimpa mtu punje tatu kiganjani: nyekundu ya Mwekundu, nyeupe ya Mweupe, madoadoa ya wengine wote ao ya asiyejua. Alikwenda nyuma ya pazia na mfuko wa kitambaa, akatia moja, mbili zilizobaki akazificha mfukoni mwake azipike ao azitupe. Mimi niligeuza mgongo. Mgongo hauna haya.

Nilikosea mara moja tu. Nilimpa mzee mmoja punje akiwa uani badala ya ndani, punje zikamtoka kiganjani, na kuku akala kura mbili. Mpaka leo sijui kuku yule alikuwa wa chama gani.

Tulimwaga mfuko juu ya lungo, ule ungo wa kupepetea wa Mama Kavira. Alizitenga kwa vidole, haraka, kama anavyotenga mawe. Chungu nyekundu. Chungu nyeupe. Madoadoa machache. Zile chungu mbili zilisimama ubavu kwa ubavu, na ungeweza kuzibadilisha mahali bila mtu kugundua.

Papa Donat aliinama, akazitazama, kisha akainua macho kutazama avenyu, nyumba moja baada ya nyingine, kama anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe," alisema. Ndilo neno fupi kuliko yote niliyomsikia akisema.

Fiston alitaka tuupeleke mfuko ule radio. Shefu akakataa. "Hii ni avenyu moja. Gunia moja, tena tumelichoma upande mumoja. Siwezi kusema ni mji." Ijumaa alikwenda radio, akaeleza habari ya chaki, mbele ya mji mzima, na kusema kwamba hana namba anayoweza kuisimamia. Wasikilizaji walipiga simu kumtukana. Mmoja alisema: "Kama haujue, juu ya nini ulikuja ku radio?" Shefu alijibu kwamba ndiyo maana amekuja. Biro ile haikuishi muda mrefu baada ya hapo. Lakini nilipokwenda kuomba kazi kwingine, watu walikuwa wananiuliza, "Weye ulikuwa kwa yule wa chaki?" na wananichukua.

Mama Kavira hakungoja radio. "Karibu-karibu," alisema juu ya lile lungo, akajifunga kitenge vizuri. Siku hiyohiyo alishusha bei. Watu walibeba maharagwe kwa beseni, kwa ndoo, kwa kofia. Avenyu ilikula maharagwe hadi makanisani watu wakaanza kufungua madirisha. Jumamosi watoto wake walipanda lori la Likasi na magunia yaliyobaki, na yeye akapanda mwisho, akiwa amekumbatia mizani.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, nani alishinda mnajua, ao waulizeni wazazi. Walioshindwa walikuwa wengi, na walitoka wakitafuta mlango. Mlango wa depo ulivunjwa wa kwanza, kama alivyosema. Papa Donat alishuhudia. Waliingia kwa nguvu zote, wakakuta sakafu imefagiwa na benchi lake Papa Donat. Benchi walilichukua.

Mama Kavira alirudi mambo yalipotulia, akatundika mlango mpya. Hakuwahi kuniuliza tena nani atashinda. Aliniuliza kila uchaguzi: "Chungu ziko namna gani? Mbali-mbali ao karibu-karibu?" Na mimi naona hilo ni swali zuri kuliko lile la kwenye karatasi zenu. Ninyi sasa mnapiga simu, mnatuma ujumbe, mashine inahesabu. Vizuri. Lakini hamwoni kalenda. Hamjui kama anayewajibu yuko peke yake ao yuko matanga, shemeji zake wote wamemzunguka, na anapaza jina ili wao walisikie. Simu nayo inaweza kuwa chaki. Tafuteni chaki yenu, mjue iko wapi.

Juzi nilikwenda kumsalimia Mama Kavira. Amezeeka, bado anachambua maharagwe kwa mkono, eti mashine haioni mawe. Tuliikala, tukanywa chai, na nikakumbuka kwamba siku ile ya mfuko yeye pia alichukua punje tatu, akaingia nyuma ya magunia, akarudi. Sikuwahi kumuuliza. Miaka yote hii, watoto wake wameniita mama mdogo, nimelala kwake, nimelia kwake. Nikaona, sasa nani atadhurika?

"Mama Kavira," nikasema, "ile siku, ulitia rangi gani?"

Mikono yake ilisimama juu ya lungo. Alinitazama, kisha akatazama lango nyuma yangu, juu hadi chini, polepole. Kisha akarudisha macho kwangu, na hakuwa anacheka.

"Rejina," alisema. "Nani anakutuma?"